Nondo wa nafaka si yule mliyemchapisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nisahihishe jambo ambalo kwa wasomaji wengi litaonekana dogo, na kwa kweli ni dogo, kwa kuwa linahusu mdudu ambaye akitulia hazidi urefu wa punje ya mchele. Wiki mbili zilizopita ukurasa wenu wa kilimo ulikuwa na makala kuhusu wadudu waharibifu wa nafaka ghalani, makala nzuri ambayo niliisoma yote nikiwa nimekaa juu ya gunia, lakini katikati yake mliweka picha ya nondo mkubwa wa kahawia, mabawa yametandazwa kama mkeka, na juu ya kila bawa doa la mviringo mfano wa jicho. Chini ya picha hiyo mliandika kwamba huyo ndiye nondo wa nafaka. Ndugu Mhariri, yule siye. Yule ni nondo wa porini ambaye hana habari na mahindi ya mtu, na kama angeingia ghalani kwangu ningemfungulia dirisha aende zake kwa amani.

Mimi ni mama mfanyabiashara wa mahindi na mtama hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa, na huu ni mwaka wangu wa 22 katika kazi hii. Sikusomea wadudu. Nimewajua kama mpishi anavyoujua moshi, kwa kukaa nao, na pale nilipotaka kujua zaidi niliwauliza mabwana shamba na kusoma vijitabu vyao. Ndiyo maana picha ile ilinisumbua, kwa sababu najua mkulima aliyeikata na kuibandika ukutani atakuwa anamsubiri mgeni asiyekuja, huku mwenye kumla yupo tayari ndani ya nyumba.

Tatizo linaanza kwenye majina. Hapa sokoni kila kinachotoboa nafaka huitwa fukusi, iwe kweli ni fukusi mwenye mdomo mrefu kama mkonga, au ni kitu kingine kabisa. Dumuzi peke yake ndiye aliyejipatia jina lake kwa ubabe, na wapo wanaomwita Scania kwa jinsi anavyosomba mahindi kama lori. Nondo hakubahatika. Neno lenyewe lina wenyewe wengi: kwa fundi ujenzi nondo ni chuma cha kusukia zege, kwa vijana ni hoja nzito ya mtu aliyesoma, na kwa waumini ni yule mshirika wa kutu anayetajwa kwenye mahubiri kwa kuharibu hazina za duniani. Nikisema sokoni kwamba nina nondo kwenye magunia, watu hucheka kwanza na kuniuliza nauza bei gani kwa tani.

Basi nieleze anavyofanana, na wasomaji wanisamehe nikikaa hapa kwa muda, kwa maana hapa ndipo penye shida yote.

Mtu anayemwona kwa mara ya kwanza huwa hamwoni. Rangi yake ni ile ya ganda la mpunga au ya bua lililokauka, manjano iliyofifia inayoelekea kwenye kahawia nyepesi, na akitua hukunja mabawa yake kuyafuatisha mwili hadi anabaki kitu chembamba, kirefu kidogo, kisicho na umbo la kipepeo wala la nondo kama tunavyowazoea wale wanaozunguka taa. Kutoka kichwani hadi ncha ya mabawa yaliyokunjwa ni milimita 6 au 7 hivi. Ukiyatandaza mabawa kwa ncha ya sindano utapata upana wa kati ya milimita 10 na 18, na kwa macho yangu wale waliotoka kwenye mahindi huwa wakubwa kuliko waliotoka kwenye mtama, jambo ambalo halishangazi, kwani kila mmoja amekua kwa kadiri ya chumba alicholelewa. Akiwa ametulia juu ya gunia la katani ni sawa na kapi lililopeperushwa na upepo likanasa pale, na mara nyingi nimepuliza kapi nikidhani ni nondo, na nimepuuza nondo nikidhani ni kapi.

Ukimwangalia kwa kioo cha kukuzia, ambacho siku hizi hata simu ya mjukuu inaweza kufanya kazi yake, mambo yanabadilika. Bawa la mbele ni jembamba, limefunikwa na magamba madogo mno yanayometameta kidogo kama hariri kuukuu, na karibu na upande wa mwisho mara nyingi huwa na kidoa kimoja cheusi, kana kwamba mtu amegusa pale kwa ncha ya kalamu. Wapo wasio na kidoa hicho, kwa hiyo asiwepo wa kumkana nondo kwa sababu hiyo tu. Usoni vinachomoza viungo viwili virefu, vyembamba, vilivyopinda kwenda juu kupita kichwa na kuishia kwenye ncha kali, mfano wa pembe za swala, na hivi si vipapasio, maana vipapasio vyenyewe viko nyuma yake, virefu na vyembamba kama uzi.

Lakini alama isiyodanganya iko kwenye bawa la nyuma, ambalo huwezi kuliona mpaka ulisogeze lile la mbele. Ni la kijivu, na halina umbo lile la bawa ambalo sote tulilichora shuleni. Linakwenda likiwa jembamba, kisha karibu na mwisho linakatika ghafla upande mmoja na kubakiza ncha iliyochongoka, kama mkono uliokunja vidole vyote ukaacha cha shahada peke yake kikiwa kimenyooshwa. Na ukingoni mwa bawa hilo yametanda matamvua ya nywele, marefu kuliko upana wa bawa lenyewe, kiasi kwamba bawa zima linafanana zaidi na unyoya kuliko bawa. Nilipoliona kwa mara ya kwanza, nikiwa nimeinama juu ya meza ya dukani na taa ya kandili pembeni, nilisahau kwa muda kwamba huyu ni mwizi wangu. Ni kiumbe kilichotengenezwa kwa uangalifu mkubwa kupita kiasi cha ukubwa wake.

Sasa mlinganisheni na yule wa kwenye picha yenu.

Kuna wengine wawili ambao wangestahili zaidi kuchanganywa naye, na kama makala yangewataja ningewaelewa. Mmoja ni nondo anayependa unga, karanga na matunda yaliyokaushwa, ambaye mabawa yake ya mbele yana rangi mbili waziwazi, sehemu iliyo karibu na mwili ikiwa ya kijivu iliyofifia na iliyobaki ikiwa ya shaba, kama mtu aliyevaa shati la rangi moja na suruali ya rangi nyingine. Wa pili ni nondo wa mchele, wa kijivu kinachoelekea kahawia, mnene zaidi. Viwavi wa hawa wote wawili hufuma utando, na ukitia mkono kwenye chombo chenye viwavi hao unatoka na bonge la punje au unga lililoshikamana kwa nyuzi. Huyu wangu hafumi utando kwenye nafaka. Gunia lake ukilifungua punje zinateleza moja moja kama kawaida, na hiyo ndiyo sababu mnunuzi haoni kitu.

Kwa nini hafumi? Kwa sababu kiwavi wake hatembei huku na huku kwenye nafaka. Mama nondo hutaga mayai, na anaweza kuzidisha mia moja katika maisha yake mafupi, juu ya punje au katikati ya mistari ya punje kwenye gunzi, na mayai hayo huwa meupe yanapotagwa, kisha hugeuka kuwa mekundu. Kiwavi akishaanguliwa hutoboa punje, akaingia, na hapo ndipo panakuwa nyumba yake, jiko lake na chumba chake cha kulala hadi atakapokuwa nondo. Ni mweupe, kichwa chake cha manjano inayokaribia kahawia, urefu wake hufika milimita 5 tu anapokomaa, na miguu yake imepungua mpaka karibu haionekani, kwa kuwa mtu asiyesafiri hahitaji viatu. Katika punje ya mtama hukaa mmoja. Katika punje ya mahindi, ambayo ni jumba, wanaweza kukaa wawili au hata watatu, kila mmoja upande wake. Katika joto la kutosha safari yote kutoka yai hadi nondo huchukua takriban wiki 5, na baridi huirefusha. Nondo mwenyewe akishatoka hali nafaka hata kidogo. Huishi wiki moja au mbili, hupandana, hutaga, hufa.

Kabla ya kugeuka, kiwavi hufanya jambo ambalo naomba kila mnunuzi wa mahindi alijue. Huchimba njia kutoka ndani hadi karibu na uso wa punje, akaacha ngozi nyembamba tu ya juu bila kuitoboa, kisha hurudi nyuma na kulala. Ngozi ile inabaki kama dirisha la duara, na ukiigeuza punje kwenye mwanga wa asubuhi utaliona: kiduara kidogo chenye kung'aa kwa namna tofauti, kama kucha ya mtoto mchanga. Nondo anapokuwa tayari, hulisukuma dirisha hilo kwa kichwa na kutoka, na mara nyingi kifuniko hubaki kimening'inia upande mmoja kama mlango wa kuku. Tundu lake ni safi, la mviringo kama limepigwa bikari. Tundu la fukusi kingo zake zimechakaa, na la dumuzi huwezi kulikosea kwa vile limezungukwa na unga.

Dirisha hili nililijua kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita, katikati ya mwezi wa 6, nilinunua magunia 12 kutoka kwa muuzaji ambaye simtaji, maana inawezekana naye hakujua. Yalikuwa mahindi meupe, makavu, yamepukuchuliwa na kupepetwa vizuri, na magunia hayakuwa hata lumbesa, jambo ambalo peke yake lingetosha kunifanya nimwamini mtu. Nilichoma bambo katika kila gunia, nikatoa sampuli kutoka katikati, nikazimwaga kiganjani na kuziangalia. Hakukuwa na tundu, hakukuwa na unga, hakukuwa na mdudu anayetembea. Nikalipa. Nikachanganya na dawa ya vumbi kama nilivyofanya kila mwaka, nikashona midomo ya magunia, nikayapanga juu ya mbao.

Katika wiki ya tatu niliingia ghalani jioni, nikavuta gunia moja, na kitu kama makapi kikaruka. Kijana anayenibebea mizigo akasema, "Mama, hayo ni makapi tu, upepo huo." Lakini mlango ulikuwa umefungwa na upepo haukuwapo. Makapi yale yaliruka kwa mwendo wa kujikongoja, yakatua ukutani, yakatulia, na yalipotulia yakawa makapi tena. Niliporudi na tochi niliwakuta kwenye mishono ya magunia, kwenye kenchi, kwenye utando wa buibui, wengi kiasi cha kutohesabika, na ukutani pamebaki michirizi ya vumbi la mabawa yao. Nilifungua gunia lile. Punje za juu zilikuwa na matundu kama ngozi ya ngoma iliyopasuka, na harufu imekuwa ile ya nafaka iliyochoka, harufu ambayo mtu akiisagia unga wake ugali unamkataa. Punje za katikati ya gunia, zile ambazo bambo ingezifikia, zilikuwa na unafuu mkubwa.

Hapo nilielewa mambo mawili kwa mpigo mmoja. La kwanza ni kwamba nilipozishika punje zile kiganjani mwezi wa 6, viwavi walikuwa ndani tayari, na huenda madirisha yalikuwapo na mimi nikaangalia matundu badala ya madirisha. Dawa ya vumbi humwua mdudu anayetembea juu ya punje. Aliye ndani ya punje haimfikii. La pili ni kwamba nondo huyu ni dhaifu, hana nguvu ya kujipenyeza katikati ya nafaka iliyolundikana kama afanyavyo fukusi, kwa hiyo anayetoka hutaga kwenye tabaka la juu, na bambo yangu niliyokuwa nikiisifu ilikuwa inapita mahali pake bila kupaona. Chombo chetu cha kukagulia kimetengenezwa kwa ajili ya mwizi anayeficha mahindi mabovu katikati ya gunia. Kwa mwizi anayekaa mlangoni hakifai.

Udhaifu huo ndio unaoeleza pia kwa nini mahindi yanayohifadhiwa na magunzi yake huliwa sana na nondo huyu kuliko yaliyopukuchuliwa. Katika kihenge cha magunzi kuna nafasi kila mahali, na mdudu asiyeweza kuchimba anapata njia kati ya gunzi na gunzi mpaka chini. Na hangoji kihenge. Huanza shambani, mahindi yakiwa bado yamesimama na punje zinaanza kukomaa, akiruka jioni kutoka kwenye maghala ya jirani, jambo ambalo wazee wetu nadhani walilijua bila kuliandika, kwa kuwa walivuna kwa wakati, na mbegu waliitundika juu ya jiko, mahali ambapo moshi na joto havimpi mdudu nafasi ya kulala.

Nitaje na historia kidogo, kwa kuwa makala yenu yalisema wadudu hawa ni tatizo la nchi zetu za joto. Jina ambalo wataalamu wanamwita huyu mdudu kwa lugha za Ulaya limetokana na Angoumois, jimbo la zamani magharibi mwa Ufaransa, ambako katika karne ya 18 alikula ngano ya wakulima mpaka chuo cha sayansi cha mfalme mjini Paris kikawatuma watu wawili, Duhamel du Monceau na Tillet, wakamchunguze. Walichapisha taarifa yao mwaka 1762, na miongoni mwa waliyopendekeza ni kuipasha ngano joto kwenye tanuri ili kumwua aliyejificha ndani. Hilo ni jiko la bibi yangu kwa jina la Kifaransa. Jina lake la kisayansi ni Sitotroga cerealella: sehemu ya pili aliipata kutoka kwa Olivier, mtaalamu wa wadudu wa Kifaransa, mwaka 1789, na ile ya kwanza, aliyopewa baadaye, imetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kutafuna nafaka, ambayo kama kweli tukiyachukua tunaweza kumwita mtafuna nafaka na tukaachana na mzozo wa nondo za ujenzi.

Ukoo wake nao si mgeni. Yeye na kantangaze, yule anayewaliza wakulima wa nyanya, ni wa familia moja, na ukiwaweka pamoja utaona mwili uleule mwembamba na vile viungo vya usoni vilivyopinda juu kama pembe, ila kantangaze ni wa kijivu chenye madoadoa, na huyu ni wa rangi ya bua. Yumo pia katika ukoo huo nondo wa viazi, anayetoboa viazi mviringo ghalani. Ni familia ya watu wadogo wenye midomo mikubwa.

Na kwa kuwa haki ni haki hata kwa mwizi, niseme kwamba kuna mahali ambapo mdudu huyu anafugwa kwa makusudi. Katika maabara za nchi mbalimbali mayai yake hutumika kuzalishia vinyigu wadogo kuliko ncha ya pini, wanaoitwa Trichogramma, ambao hutaga ndani ya mayai ya wadudu wengine, nao huachiliwa mashambani ili kuwamaliza viwavi kabla hawajaanguliwa. Nilipoelezwa hivyo na bwana shamba mmoja nilidhani ananitania. Nilimwambia kama wanataka mayai, ghala langu mwaka ule lingewatosha.

Kuhusu kujikinga sina mengi ya kuongeza kwenye makala yenu, ambayo hapo yalikuwa sahihi. Kuvuna mapema, kukausha sawasawa, kupukuchua badala ya kuweka magunzi, na mifuko ile isiyopitisha hewa, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya mmoja wa nje, ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue waliibuni kwa ajili ya kunde kule Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980. Ndani ya mfuko kama huo kiwavi aliye ndani ya punje naye hukosa hewa, na hilo ndilo dawa ya vumbi isiloliweza. Ninachofanya mimi zaidi ya hapo ni kidogo. Kabla ya kununua shehena, naomba konzi mbili za mahindi kutoka juu ya gunia, si kutoka katikati, nazitia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, naandika tarehe na jina la kijiji, naiweka dirishani. Muuzaji asiye na haraka hungoja. Mwenye haraka huniacha na chupa yangu, na mara mbili nimeona chupa hiyo ikijaa vinondo vya rangi ya bua baada ya gari lake kuondoka na mahindi yaleyale kwenda kwa mteja mwingine.

Lakini yote haya hayamsaidii mtu asiyejua anatafuta nini. Mkulima akiwaona hawa wadudu ghalani na gazeti limemwambia nondo wa nafaka ni dude la kahawia lenye macho mabawani, atasema haya ni makapi, atafunga mlango, na atarudi mwezi wa 9. Ndiyo maana sikubali jibu nililopewa na mtu mmoja hapa kijiweni kwamba picha ni pambo tu na msomaji atazingatia maneno. Wasomaji wenu wengi wa ukurasa ule huangalia picha kwanza, na wengine huishia hapo, na si kwa sababu hawajui kusoma, bali kwa sababu gazeti moja linasomwa na watu 10 na kila mmoja anakaa nalo dakika 5.

Ninaomba basi mchapishe picha sahihi, na ikiwezekana ziwe mbili: moja ya nondo akiwa amekunja mabawa, kwa kuwa ndivyo mkulima atakavyomkuta, awekwe kando ya punje ya mahindi ili ukubwa wake uonekane, na nyingine ya mabawa yametandazwa, ili lile bawa la nyuma lenye kidole na matamvua lionekane wazi. Picha ya punje yenye dirisha lisilofunguliwa ingekuwa ya tatu, nami ningeifurahia kuliko hizo mbili, ila najua nafasi gazetini ni ghali.

Ili msipate taabu ya kumtafuta, nimeweka ndani ya bahasha hii kiberiti chenye nondo 4 waliokufa, wamelazwa juu ya pamba, pamoja na punje 6 za mahindi ambazo kila moja ina dirisha lake. Mpiga picha wenu asiwashike kwa vidole, maana rangi yote itabaki kwenye kidole na matamvua yatakatika. Atumie unyoya au karatasi nyembamba. Na punje zile azipige picha siku hiyohiyo bahasha itakapofika, kwa kuwa aliyemo ndani yuko hai na hatamsubiri.

Msomaji wako,
Mama muuza nafaka,
Kibaigwa, Dodoma